Kidole Kimoja, Risasi Ngapi?

Maswali ya wasomaji na majibu yake

Mwezi huu barua za bunduki zimezidi za mifugo na za simu zilizoharibika. Tumechagua saba. Mbili za mwanzo ni za watu wanaotaka kujua kwa undani, kwa hiyo tumezijibu kwa urefu. Nyingine tumezijibu kwa ufupi, na moja tumeikatalia.

Mimi hupenda kusoma na kuchora bunduki, lakini sijawahi kushika hata moja. Redioni nasikia "rashasha", "otomatiki", "nusu otomatiki", na kila mtangazaji anayatumia apendavyo. Tofauti hasa ni ipi, na ndani ya mtambo kinacholeta tofauti hiyo ni nini? — Mchoraji wa Section 58, Nakuru

Anzia kwenye kidole. Tuseme umevuta kifyatulio mara moja na hukukiachia. Risasi ngapi zitatoka? Na ile inayofuata, nani ameiingiza chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa: mkono wako au bunduki yenyewe? Ukiyajibu maswali hayo mawili umeshaipanga bunduki yoyote mahali pake, iwe imeandikwa jina gani.

Kundi la kwanza ni la mkono. Mfano ambao wazee wengi wa Bonde la Ufa wanaujua ni Lee-Enfield ya .303, bunduki ya KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni). Unainua kishikio cha bolti, kile chuma kinachoisukuma risasi chemba na kuifunga kwa nyuma, unakivuta nyuma, ganda tupu linaruka nje. Ukikisukuma mbele, bolti inachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini ya risasi 10 na kuisindika chemba, kisha unakilaza kishikio ili mtambo ujifunge. Ndipo uvute kifyatulio. Askari wa Kiingereza alifunzwa kupiga shabaha 15 kwa dakika kwa mtindo huo, na waliozoea sana walizidi hapo. Kulikuwa na za mkono zilizokuwa za polepole kuliko hiyo. Mwaka 1914, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika Kisii, askari wengi wa upande wa Wajerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871: risasi moja tu kila mara, na baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi likamwonyesha adui mpigaji amelala wapi.

Kundi la pili ni nusu otomatiki. Hapa bunduki inajilisha yenyewe. Baruti ikiwaka, sehemu ya gesi au nguvu ya teke la risasi inatumika kuirudisha bolti nyuma, ganda linatupwa, na springi inairudisha bolti mbele na risasi mpya. Wewe kazi yako ni kuvuta na kuachia. Kila mvuto, risasi moja.

Swali lako la ndani ya mtambo linaanzia hapa. Katika bunduki inayoweza kupiga risasi 600 kwa dakika, mzunguko mzima wa kwenda na kurudi unachukua takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kuvuta na kuachia kwa kasi hiyo. Maana yake, bolti inaporudi mbele kidole chako bado kimebana. Kusipokuwa na kitu cha kuizuia nyundo, chuma kinachogonga ili risasi iwake, itaifuata bolti mbele. Ndiyo maana kuna kipande kidogo mfano wa kulabu. Bolti inapoikandamiza nyundo chini, kulabu hiyo inaidaka na kuishika muda wote kidole kinapobana. Ukiachia, nyundo inahama kutoka kwenye kulabu kwenda kwenye ulimi wa kifyatulio, na hapo ndipo unapohisi ule mguso mdogo, "tik", kidoleni. Mlenga shabaha mzoefu haachii kidole chote. Anaachia hadi asikie tik hiyo, basi, kisha anavuta tena.

Otomatiki kamili ina kazi moja zaidi. Kulabu ile inawekwa kando, na kazi ya kuiachia nyundo anapewa mlinzi mwingine anayeitazama bolti badala ya kidole. Nyundo haiachiwi mpaka bolti iwe imefika mbele kabisa na kujifunga. Watu hudhani otomatiki ni bunduki "iliyoachwa huru". Ni kinyume chake: ina ulinzi wa wakati ulio mkali kuliko wa nusu otomatiki. Nyundo ikienda mapema kidogo, ama fataki (kidude cha kuwashia baruti kilicho nyuma ya ganda) inagongwa kwa ulegevu na risasi haiwaki, ama inawaka kabla mtambo haujafungwa, na moto wote uliokusudiwa kwenda mbele unarudi usoni kwa mpigaji.

Kati ya hizo mbili kuna ya vipindi: mvuto mmoja, risasi tatu, basi. Maarufu zaidi ni M16A2 ya Marekani ya miaka ya 1980. Ndani yake mna gurudumu dogo lenye meno linalohesabu. Ubaya wake ni kwamba halianzi hesabu upya. Ukiachia kidole baada ya risasi mbili, mvuto unaofuata utatoa moja tu, kwa sababu gurudumu bado linakumbuka deni la awali. Isitoshe, uzito wa kuvuta kifyatulio unabadilika kulingana na jino lililopo, hata ukipiga risasi moja moja. Kwa anayelenga, hilo ni kero kubwa. Jeshi la Marekani lenyewe baadaye lilirudi kwenye otomatiki kamili kwa M4A1, na sisi tunaona lilifanya vyema. Askari aliyefunzwa anahesabu kwa kidole vizuri kuliko gurudumu.

Kwa kuwa unachora, angalia swichi ya kuchagulia. Kwenye AK iko upande wa kulia, ni bapa la chuma refu, na likiwa juu limefunga pia njia ya kishikio cha kukokia. Juu ni usalama, katikati otomatiki, chini kabisa risasi moja moja. Wachoraji wengi hugeuza hizo mbili za mwisho. Kwenye G3 ya Kijerumani swichi iko kushoto, juu ya mshikio, na herufi zake ni S, E, F: usalama, moja moja, mfululizo. SLR ya Waingereza, ambayo baadhi ya wazee waliohudumu jeshini miaka ya baada ya uhuru wanaikumbuka, haina nafasi ya mfululizo kabisa. Risasi yake ya 7.62×51 ina teke kali. Ukiimimina kwa mfululizo kutoka begani, ya kwanza inakwenda shabaha, ya pili juu ya shabaha, ya tatu kwa ndege.

Na "rashasha" ya redioni? Neno lenyewe linatokana na kunyunyiza, kwa hiyo kwa haki ni la otomatiki peke yake. Mtangazaji anayeita nusu otomatiki rashasha amekosea, ingawa kwa mtu aliyelala chini ya meza tofauti hiyo haina maana sana.

Nasoma sheria mwaka wa pili. Nimeona Mahakama ya Juu ya Marekani imesema kitako kinachosukumana na bega hakiifanyi bunduki kuwa otomatiki. Sheria ya Kenya ingesemaje juu ya kifaa kama hicho? Na je, ni kweli hapa hata nusu otomatiki imekatazwa? — Mwanafunzi, Milimani, Kisumu

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye maneno ya sheria. Majina ya bunduki hayatakusaidia.

Marekani ina sheria ya mwaka 1934. Inasema bunduki ya rashasha ni ile inayopiga zaidi ya risasi moja kwa yenyewe, bila kujazwa kwa mkono, kwa tendo moja la kifyatulio. Shika hayo maneno "tendo moja la kifyatulio". Kitako unachokisema huiacha bunduki iteleze nyuma kwa teke lake na kusukumwa mbele tena kwa mkono mwingine, huku kidole kimetulia mahali pamoja. Ukitazama kidole, hakisogei. Ukitazama kifyatulio, kinavutwa na kuachiwa kila risasi. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, serikali ilivikataza vitako hivyo kwa kanuni iliyoanza kutumika Machi 2019. Juni 2024, katika kesi ya Garland dhidi ya Cargill, majaji sita dhidi ya watatu walisema sheria inatazama kifyatulio, na kifyatulio kinafanya tendo jipya kila risasi. Kanuni ikaanguka. Kwa mtindo huohuo, mzinga wa Gatling wa kuzungushwa kwa mkono hauhesabiwi kuwa rashasha kule, japo unamwaga risasi kama mvua, kwa kuwa kinachozungushwa ni mpini.

Yetu ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ya tangu enzi za mkoloni, mwaka 1954. Kifungu cha 26 kinakataza kutengeneza, kuuza, kununua au kumiliki bunduki iliyoundwa au kurekebishwa hivi kwamba kifyatulio kikibanwa, risasi zinaendelea kutoka mpaka kiachiwe au magazini iishe. Soma tena pole pole. Hakuna "tendo moja". Kuna kubanwa, na kuna kuendelea. Tena kuna "iliyoundwa au kurekebishwa", maneno yanayoikamata hata bunduki iliyotoka kiwandani ikiwa halali kisha ikachezewa.

Je, kitako cha kuteleza kingeingia hapo? Wakili wa mshtakiwa angesema kifyatulio kinaachiwa kila mara, kwa hiyo shinikizo linaondolewa. Wakili wa serikali angejibu kwamba kidole hakijaondoka. Ni hoja ambayo mwalimu wako angefurahi kuisikia darasani. Lakini kabla hamjafika huko, mtu huyo angekuwa ameshajibu swali jingine: bunduki yenyewe aliitoa wapi? Kwa maana kifungu hichohicho kinakataza pia bunduki za kivita zinazojijaza zenyewe, nusu otomatiki, za milimita 7.62 au 5.56. Vitako vile hutengenezewa hasa bunduki za namna hiyo. Kwa raia wa kawaida wa Kenya, mlango umefungwa kabla hajafika kwenye kitako.

Kwa hiyo sehemu ya pili ya swali lako: si kila nusu otomatiki imekatazwa. Bastola nyingi ambazo raia wenye vyeti wanabeba ni nusu otomatiki, na ni halali kwa aliye na cheti chake. Iliyokatazwa ni ile ya kivita ya kalibari hizo, yaani vipimo hivyo vya upana wa risasi.

Kuna nyufa ndogo ya kuitazama, na tunaileta kwa kuwa wewe ni mwanafunzi. Bunduki ya vipindi tuliyomweleza mchoraji wa Nakuru: unabana, zinatoka tatu, zinakoma ilhali bado umebana na magazini haijaisha. Ukiyashika maneno ya kifungu cha mfululizo kama yalivyo, bunduki hiyo haiendelei "mpaka kiachiwe au magazini iishe". Waingereza walikuwa na maneno hayohayo katika sheria yao, na walipoirekebisha mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford ya 1987, waliyabadilisha yakawa: risasi mbili au zaidi zinazoweza kutoka kwa kufuatana bila kifyatulio kubanwa tena. Sentensi fupi, na vipindi vikaingia wavuni. Kwetu, M16A2 haiponyoki, ila inanaswa na ile sehemu ya 5.56. Mwandishi wa sheria akitaja umbo la tendo, mafundi watabuni tendo jingine. Akitaja kalibari, itabuniwa kalibari nyingine. Sheria nzuri hutaja yote mawili, nayo yetu imefanya hivyo, pengine bila kukusudia.

Adhabu usiichukulie kimzaha. Kumiliki silaha bila cheti ni kosa lenye kifungo cha miaka mingi, na sheria ina kifungu cha peke yake, 4A, kwa silaha za aina ya AK-47, G3 na MP5, kinachoiruhusu mahakama kufika hadi kifungo cha maisha. Na "silaha" kwa maana ya sheria ni pamoja na kipande chake. Bolti peke yake ndani ya sanduku la nguo ni silaha. Kidude cha kupunguza sauti nacho ni hivyo hivyo.

Kwenye filamu naona jamaa anamimina risasi dakika nzima bila kubadilisha magazini. Inawezekana? — Shabiki, Kondele

Haiwezekani. AK inapiga takriban risasi 600 kwa dakika na magazini yake ya kawaida ina 30. Gawanya: sekunde tatu. G3 ina magazini ya 20, kwa hiyo mbili tu. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyebana kidole asiachie.

Kumimina dakika nzima kungehitaji magazini 20 za AK. Kila moja ikiwa ya chuma na imejaa, ina uzito wa zaidi kidogo ya gramu 800, kwa hiyo shujaa wako amebeba kilo 16 za risasi peke yake, karibu debe zima la mahindi, na bado anaruka ukuta.

Halafu kuna joto. Miongozo ya jeshi la Marekani inasema M16 ikipigwa kwa muda mrefu isizidi risasi 12 hadi 15 kwa dakika. Zaidi ya hapo, kwa muda, mtutu unapata moto, risasi zinaanza kutawanyika, mbao au plastiki ya mbele inachoma mkono. Chemba ikipata moto wa kutosha, risasi iliyokaa humo inaweza kuwaka yenyewe bila mtu kugusa kifyatulio. Ndiyo maana rashasha nyingi nzito hupumzika bolti ikiwa nyuma na chemba ikiwa tupu: hewa inapita, na hakuna risasi inayokaa kwenye joto.

Babu zetu wa Bukusu walipigwa na "bombomu" pale Chetambe. Ilikuwa bunduki ya namna gani, na kwa sheria ya leo ingeitwa nini? — Mkazi wa Webuye

Ilikuwa Maxim. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, aliitengeneza mwaka 1884, na mwaka 1895, katika vita vya Lumboka na Chetambe, Waingereza walikuwa nayo. Ukuta wa udongo na handaki lililozunguka ngome vilikuwa vimejengwa kwa adui mwenye mkuki au gobori. Gobori humpa aliyeko ndani muda: kupakia baruti, kushindilia, kuwasha. Maxim haikuacha muda.

Ilitumia teke lake yenyewe. Risasi ikitoka, mtutu na bolti vilirudi nyuma pamoja vikiwa vimefungana, kisha vikaachana, ganda likatolewa, mkanda wa kitambaa ukavutwa mbele kwa risasi moja, na yote yakarudi mahali pake. Takriban mara 600 kwa dakika. Mtutu ulizungukwa na bweta la maji, lita nne hivi, ambayo baada ya dakika chache za kupiga mfululizo yalichemka kama ya chai. Bila maji ilikuwa chuma cha kuungua tu. Kifyatulio chake kilikuwa cha kusukumwa kwa vidole gumba, katikati ya vishikio viwili vya nyuma.

Kwa kifungu cha 26 haina utata hata chembe: unabana, zinaendelea, unaachia, zinakoma. Maneno yale ni kama yameandikwa mtu akiwa anaitazama Maxim.

Kuna fundi hapa anayesema anaweza kuigeuza nusu otomatiki ipige mfululizo kwa kufaili kipande kimoja. Ni kweli? Anafanyaje? — Msomaji, Njoro

Anafanyaje, hatuandiki. Je, ni kweli, tunaweza kukueleza kwa nini hapana ndiyo jibu la busara.

Kwanza, ukirudi kwenye jibu la mchoraji utaona kwamba anachotaka kukifaili ni ulinzi. Bunduki iliyoondolewa ulinzi huo haigeuki kuwa otomatiki. Inageuka kuwa bunduki isiyojua wakati wa kugonga. Matokeo ya kawaida ni nyundo inayofuata bolti kwa ulegevu na kukwama kila risasi ya pili, au mbaya zaidi, inayowaka mtambo haujafunga. Ganda linapasuka, gesi inatokea kwenye magazini na pembeni, na macho ndiyo ya kwanza kulipa. Au bunduki inaanza kupiga na haikomi mpaka magazini iishe, hata ukiachia kidole, huku mtutu ukipanda.

Pili, neno "kurekebishwa" limo katika sheria kwa ajili ya fundi huyo hasa, na kutengeneza silaha kama biashara bila kusajiliwa kuwa muuzaji au fundi wa silaha ni kosa lingine juu ya hilo. Mwenye bunduki halali inayokwama huipeleka kwa muuzaji aliyesajiliwa. Tunashangaa mtu anayempelekea fundi wa milango kitu kinachopasuka sentimita chache kutoka shavuni mwake.

Nataka kuanza kulenga shabaha kama mchezo. Nianzie wapi, na bunduki gani inafaa? Pia, naweza kutumia cheti hicho kuwinda paa msituni? — Mwalimu, Kakamega

La mwisho kwanza: hapana. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeukaza uzi. Usiliandike hata kwenye fomu.

Anza na klabu, bunduki itafuata. Sheria inamruhusu mwanachama wa klabu ya shabaha iliyoidhinishwa kushika bunduki akiwa katika mazoezi ya klabu hiyo bila cheti chake mwenyewe. Kwa hiyo unaweza kujifunza miezi mingi kwa bunduki za klabu, chini ya msimamizi, ukajua kama kweli unaupenda mchezo au ulikuwa unaupenda kwenye filamu. Wengi huacha wakishajua kwamba siku nzima ya uwanjani ni dakika ishirini za kupiga na saa nne za kungoja, kuhesabu, na kusafisha.

Bunduki ya kuanzia ni .22 ya bolti. Teke lake ni dogo sana, kwa hiyo hujifunzi kufumba macho. Risasi zake ni za bei ya chini kuliko za bunduki kubwa. Na kwa kuwa lazima ufungue bolti kila mara, msimamizi akipita nyuma yako anaona chemba iko wazi. Anayeanza na nusu otomatiki hujifunza haraka kupoteza risasi. Usidanganywe na udogo wake, lakini: kichwa cha risasi ya .22 kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ndiyo maana uwanja unahitaji ukingo wa udongo nyuma ya shabaha. Miti na mahindi haviwezi kuisimamisha.

Ukitaka yako, ombi linakwenda kwa Bodi ya Leseni za Silaha, iliyoundwa upya kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2014. Watataka sababu ya maana ya kumiliki silaha, watachunguza rekodi yako ya polisi na afya yako ya akili, na watataka kujua utaihifadhi wapi. Usisubiri waulize hilo la mwisho: kasha la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi zikiwa mahali pengine, na ufunguo usiojulikana na watoto. Cheti hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa. Ukikutwa na zaidi, ziada hiyo haina cheti. Kinahitaji kuhuishwa kila mwaka. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita wenye vyeti wote wahakikiwe upya, na waliolala walijikuta wakiitwa wamiliki haramu, kwa hiyo weka tarehe zako kwenye kalenda ya ukutani.

Bunduki ikipotea, toa taarifa polisi mara moja. Si kesho, si baada ya kutafuta kwanza kwa siri.

Watoto wameokota risasi na maganda karibu na shamba letu. Maganda mengine yana mistari myeusi. Tufanye nini nayo, na mistari hiyo ni ya nini? — Mama wa Lanet

Mama, mistari kwanza, kwa kuwa inapendeza kujua na haina madhara. Chemba ya G3 ina vifereji 12 vinavyopita kwa urefu. Bolti ya bunduki hiyo huanza kurudi nyuma mapema, ganda likiwa bado limevimba kwa moto, na kama chemba ingekuwa laini lingenata na kukatika sehemu yake ya nyuma. Gesi inapita kwenye vifereji hivyo na kulielesha ganda lisinate. Masizi yanabaki kama mistari. Ganda lenye mistari hiyo limetoka kwenye bunduki ya jamii ya G3.

Sasa lenye madhara. Ganda tupu ni shaba tu, lakini risasi nzima ni risasi, na kuwa nayo bila cheti ni kosa hata kama ni mtoto aliyeiokota. Msiipime kwa kutazama fataki: yenye shimo la kugongwa inaweza kuwa ni ile iliyogongwa ikakataa kuwaka, na baruti yake bado imo. Msiitupe chooni, msiichome na takataka, msiigonge kuona kama ni tupu. Risasi inayowaka nje ya bunduki hurusha vipande vya ganda, na watoto huwa wameinama juu yake.

Waacheni watoto waonyeshe zilipokuwa bila kurudi kuziokota, mweke alama mahali hapo kwa jiwe au kijiti, na mtu mzima aende kituo cha polisi kilicho karibu au kwa chifu kuwaita waje. Msizibebe kwenye boda hadi kituoni. Kama tayari ziko nyumbani, ziwekwe kwenye bakuli kavu mbali na jiko na jua, na waambiwe polisi idadi kamili: ngapi nzima, ngapi maganda. Na mkikuta kitu cha chuma kikubwa kuliko risasi, chenye mkia au pete, msikisogelee tena kabisa. Kile si cha bunduki.